Asiyeweza Si Asiyetaka



Limezuka neno katika mazungumzo yenu, vijana wa parokia zetu, nasi hatuwezi kulinyamazia. Mzee akija kuomba kazi kwenye kiwanja cha ujenzi, akabeba ndoo chache za mchanga kisha akaketi ili apumue, hakosekani kijana wa kumtupia Maandiko kama jiwe: Mtume Paulo amekwisha kusema kwamba asiyefanya kazi asile. Tumelisikia neno hilo Mudzipela, tumelisikia Nyakasanza, tumelisikia kandokando ya barabara ya Kasenyi mahali mchanga unaposhushwa. Na kila mara tuliposikia, msemaji alikuwa mtu ambaye mgongo wake una miaka ishirini na miwili.

Paulo hakusema hivyo. Fungueni Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, sura ya tatu, mkaisome aya ya kumi polepole, kama tunavyowaelekeza watoto wa darasa la kwanza kuweka kidole chini ya kila neno. Anayekemewa pale ni yule asiyetaka. Mtume alikuwa na watu waliokaa bure wakijiingiza katika mambo ya wengine; hakuwa akizungumza na mama aliyepasua kokoto miaka kumi na mitano na sasa vidole havikunjuki. Kuondoa neno moja katika aya ili ipate makali ya kumkata mzee ni kosa ambalo mwalimu yeyote angelisahihisha kwa kalamu nyekundu. Tunashangaa kwamba katika vikundi vyenye mafundisho kila juma kosa hili limepita bila kusahihishwa.

Tuanze na swali ambalo waliotoa hukumu hiyo hawakuliuliza: wazee hawa wanaobeba mchanga mjini Bunia wametoka wapi? Wengi hawakuzeeka wakibeba mchanga. Walizeeka wakilima. Walikuwa na mashamba Djugu na Irumu, wengine walikuwa na ng'ombe, na vita vimewasukuma mjini hata wakajikuta chini ya maturubai pale Kigonze au katika chumba cha ndugu. Kuna jambo ambalo kijana wa mjini halifahamu kuhusu shamba. Shamba ni kazi ngumu, lakini mwenye shamba hupanga mwendo wake mwenyewe. Akiwa na miaka hamsini na mitano huamka alfajiri wakati wa baridi, hulima mistari miwili, jua likipanda huketi chini ya mgomba akachambua mbegu, jioni hurudi kwa palizi nyepesi. Kazi nzito ya kufyeka huwaachia wanawe. Hakuna daktari aliyemfundisha hivyo. Mwili wenyewe ulimfundisha, mwaka baada ya mwaka, na kazi ikapungua uzito kadiri nguvu zilivyopungua. Mtu huyo akifukuzwa shambani, hapotezi ardhi tu. Anapoteza mwendo wake. Sasa anafuata mwendo wa kapita, na kapita hesabu yake ni lori litakalorudi saa sita.

Ndiyo maana twasema kwamba kuchoka kwa mzee kiwanjani si tabia mbaya bali ni jambo linaloelezeka. Misuli ya binadamu huanza kupungua polepole kuanzia miaka ya thelathini na arobaini, na baada ya sitini hupungua kwa kasi. Vipande laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo hupoteza maji na kuwa vyembamba. Gegedu la goti, ambalo ndilo mto wa mifupa miwili, huliwa kidogo kidogo na halirudi. Kano hukakamaa, kwa hiyo misuli iliyochanika kidogo Jumatatu, ambayo kwenu hupona Jumanne asubuhi, kwetu sisi tuliovuka hamsini bado inauma Alhamisi. Mwenye shamba angepumzika mpaka Alhamisi ipite. Mwenye kibarua hurudi Jumanne, akabebesha jeraha bichi mzigo mpya, na hivyo ndivyo maumivu ya juma moja yanavyogeuka kuwa ulemavu wa maisha.

Tazameni na mzigo wenyewe. Mfuko wa saruji una kilo 50. Bidoni ya maji ya lita ishirini ina kilo 20, nayo hubebwa na msichana wa miaka kumi na miwili na bibi yake vilevile. Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1967, lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe na mwajiri zaidi ya kilo 55, na kwamba mwanamke abebe pungufu sana ya hapo. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani, wa taasisi iitwayo NIOSH, katika miaka ya 1990 walianza hesabu yao kwenye kilo 23 tu, tena kwa mzigo ulio karibu na mwili, wenye mahali pazuri pa kushika, usioinuliwa kutoka chini kabisa wala kwa kujipinda. Kila sharti moja linapokosekana, kilo zinapunguzwa. Mfuko wa saruji hauna mahali pa kushika. Huinuliwa kutoka chini, hubebwa begani upande mmoja, hupandishwa juu ya ubao uliolazwa kwenye mtaro. Hatuwatajii namba hizi ili mzisome kama sheria inayotekelezwa mjini kwetu. Tunataka mwone kwamba anayesema “mfuko mmoja tu, papa, jikaze” anaomba zaidi ya mara mbili ya kile ambacho watu waliokaa chini na kupima walikiona salama kwa mgongo wenye afya.

Na neno hilo, jikaze! Likisemwa na kapita, tunalielewa: ni mtu wa faida. Likisemwa na kijana mwenye skafu ya kikundi shingoni, linatuumiza zaidi.

Ni neno la zamani kuliko mnavyodhani. Nchi hii yetu ya Ituri ilijulikana kwa mbali kwa sababu ya dhahabu ya Kilo, iliyoanza kuchimbwa mwaka 1905, kisha ya Moto, hata kampuni ya migodi ya Kilo-Moto ikaundwa mwaka 1926. Kabla ya barabara za magari, chakula cha wachimbaji kilifika migodini vichwani mwa watu. Babu zetu walilima wakabeba walicholima, si kwa kupenda. Utawala wa Kibelgiji ulimdai mwanakijiji siku 60 za kazi ya lazima kwa mwaka, na mwaka 1942, kwa sababu ya vita, zikawa 120. Katika daftari za utawala ule wanaume waliandikwa chini ya kichwa kimoja: wanaume wazima wenye nguvu, na kwa Kifaransa neno lililotumika kuwapambanua lilikuwa “valide”. Aliyekuwa na nguvu alihesabiwa, akatozwa, akapelekwa kazini. Aliyechakaa alitolewa katika orodha. Hakuandikwa popote tena, kwa maana daftari lile halikuwa na ukurasa wa watu waliokwisha kutumika.

Kapita wa leo hana daftari, ana jicho. Saa kumi na mbili asubuhi hupita mbele ya watu waliosimama kusubiri kazi, akachagua mabega. Sisi twaona kwamba ni hesabu ileile, isipokuwa sasa tunaifanya wenyewe kwa wenyewe, katika lugha yetu, tukiipamba kwa aya iliyokatwa.

Nao wachimbaji wa leo, huko Mongbwalu na katika kariyeri nyingine ambako baadhi yenu mmekwenda likizo na hamkurudi shuleni, wanazeeka upesi kuliko watu wote. Vumbi la mwamba lenye silika likiingia mapafuni halitoki, linatengeneza makovu yasiyo na dawa, na mapafu hayo yanafungua mlango kwa kifua kikuu. Zebaki inayochomwa ili dhahabu ibaki huvutwa na pumzi na kwenda kwenye neva. Mikono huanza kutetemeka. Mchimbaji wa miaka arobaini aweza kuwa na kifua cha mtu wa sabini. Mkimwona amerudi Bunia ameketi mbele ya nyumba bila kazi, mnamwita mlevi aliyekula dhahabu yake. Pengine aliila. Kifua chake kililiwa pia.

Hapa inatupasa tuseme juu ya jambo ambalo hukaliwa kimya, yaani vidonge. Mzee anayelazimishwa kuendana na mwendo wa vijana anafanya nini? Ananunua. Kwenye maduka ya dawa na hata kwenye meza za barabarani anauziwa vidonge viwili viwili bila karatasi ya daktari: diklofenaki, tramadoli, deksametasoni, prednisoloni. Anameza asubuhi, anabeba mpaka jioni, anasema amepona. Hakupona. Maumivu ni kengele, naye ameifunga kengele kitambaa huku nyumba ikiendelea kuungua. Diklofenaki ikitumiwa kila siku hutoboa tumbo kwa vidonda, hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, hasa za mtu anayetoka jasho juani bila kunywa maji. Deksametasoni na prednisoloni humnenepesha uso mtu akadhani ni afya, kumbe zinadhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Na aliyezitumia muda mrefu akiziacha ghafla aweza kuanguka. Tramadoli humfunga mtu kama pombe, na ikizidi humtia kifafa. Tunajua kwamba baadhi yenu ndio mnaoagizwa kuvinunua. “Mwanangu, kimbia uniletee vile vyekundu.” Mnapovileta msinyamaze. Mwombeni mzee aende kituo cha afya mara moja tu aeleze anameza nini na tangu lini, asiache mwenyewe kwa siku moja wala asiongeze.

Na kuna dalili ambazo hazingojei kesho: mguu ukianza kufa ganzi au kulegea, mkojo ukizuilika au ukitoka wenyewe, ganzi ikikaa mahali mtu anapokalia. Hapo neva za uti wa mgongo zimebanwa, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Wapo watu ambao wangali wanatembea leo kwa sababu mjukuu hakukubali neno “nitapumzika kidogo”.

Sasa wapo wengine kati yenu, wenye moyo mwororo, watakaotujibu: basi wazee wakae nyumbani. Jibu hili ni la upole, lakini halijafika mbali. Wakae nyumbani wale nini? Sheria ya nchi ya mwaka 2016 juu ya usalama wa jamii inampa mfanyakazi pensheni akifika miaka 60, kupitia mfuko wa taifa uitwao CNSS, lakini kwa mtu ambaye mwajiri wake alimwandikisha na kumlipia michango kwa miaka mingi. Nani alimwandikisha mama wa kokoto? Lori la mchanga halina ofisi ya watumishi. Kwa hiyo tunapomwambia mzee apumzike bila kuongeza neno la pili, tunamwambia afe njaa kwa adabu. Tena kuna wazee ambao kazi ndiyo iliyowabakizia jina. Mwanamume aliyepoteza shamba, ng'ombe na nyumba, ukimnyang'anya na koleo, jioni hana la kumwambia mkewe kuhusu siku yake. Huruma inayomketisha kitini na kumpelekea sahani ya maharage Jumapili tunaiheshimu, ila haitoshi, na mara nyingine inamdhalilisha.

Maandiko hayohayo mnayoyatupa yanalo jibu bora zaidi, nalo limo katika kitabu ambacho vijana hukiruka kwa sababu kimejaa majina na hesabu. Someni Hesabu, sura ya nane, aya za mwisho. Walawi ndio waliokuwa wapagazi wa Hema la Mungu: mbao, vitako, mapazia, vyombo. Ilipangwa kwamba akitimiza miaka hamsini Mlawi aache kazi nzito. Lakini hakufukuzwa, wala hakuwekwa pembeni kula sadaka. Alibaki pamoja na ndugu zake hemani akiwasaidia katika ulinzi. Na ukirudi nyuma sura moja utakuta kwamba wana wa Gershoni waliokuwa na mapazia walipewa magari mawili ya kukokotwa na ng'ombe, na wana wa Merari waliokuwa na mbao na nguzo wakapewa manne. Mzigo ukiwa mzito zaidi, magari zaidi. Musa hakuwaambia wajikaze.

Kanisa halikusahau. Waraka wa Papa Leo wa Kumi na Tatu juu ya wafanyakazi, wa mwaka 1891, ulidai kwamba saa za kazi na mapumziko vipimwe kwa nguvu na afya ya mtu, na ukawataja kwa jina watu wa migodini na wa kupasua mawe kuwa wanastahili saa fupi zaidi kwa sababu kazi yao inaangamiza mwili. Miaka tisini baadaye, mwaka 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili aliiweka pensheni ya uzee na bima ya ajali kazini kati ya haki za mfanyakazi, si kati ya fadhili za mwajiri. Huo ndio msimamo wa Mama Kanisa. Anayetaka kuwapima wazee kwa mifuko waliyoibeba hawezi kuuegemea.

Tukaribie nyumbani, maana mpaka hapa huenda mmesoma kwa raha mkidhani tunawasema makapita.

Vikundi vyenu vinatafuta fedha. Kuna safari za hija, kuna kambi, kuna sikukuu ya somo wa kikundi. Njia mliyoizoea ni kuomba kazi ya siku moja: kusogeza matofali, kushusha mchanga, kupakia mawe. Mnafika vijana thelathini, mnaimba, mnamaliza kabla ya saa sita kazi ambayo ingewapa watu sita mkate wa siku tatu, na bei mnayoitaja ni ndogo, kwa kuwa kwenu ni mchango na jioni mtakula kwa mama. Mwenye kiwanja anafurahi. Juma linalofuata wale sita wanapokuja anawaambia: vijana wa parokia walinifanyia kwa nusu ya bei. Hatusemi mlikusudia hivyo. Tunasema ndivyo ilivyo, na kwamba mzee anayemeza vidonge vyekundu ili aende mwendo wenu anashindana sasa na nyimbo zenu pia. Kisha katika kikao cha kikundi mnamsomea Paulo.

Vivyo hivyo siku ya salongo. Kila nyumba ya jumuiya yatakiwa kutoa mtu, na asiyefika hulipa faini. Nyumba ya mjane mwenye magoti yaliyovimba inahesabiwa sawa na nyumba yenye vijana wanne. Anafika na jembe lake, kwa kuwa faranga za faini hana. Huo usawa umewekwa na nani?

Tumeona kwa macho yetu kwamba inawezekana kufanya kinyume. Wako wazee wa kazi za mikono ambao wamedumu, nao hawana siri kubwa. Huanza mapema jua lisijapanda. Hugawa mfuko mmoja katika ndoo mbili na kwenda safari mbili, mkono huu na huu, badala ya kujivunia safari moja. Hukunja magoti wala hawainami kwa kiuno, huukumbatia mzigo karibu na kifua, hugeuka kwa miguu na si kwa mgongo. Huongeza urefu wa mpini wa koleo ili wasiiname. Hupumzika kabla ya kuumia, jambo ambalo huonekana kama uvivu kwa asiyejua. Hunywa maji hata bila kiu. Lakini tazameni: karibu kila moja ya hayo linahitaji ruhusa ya mtu mwingine. Anayelipwa kwa kila mfuko hawezi kuugawa mfuko. Anayelipwa kwa safari hawezi kupumzika. Kumfundisha mzee jinsi ya kuinua mzigo bila kugusa namna anavyolipwa ni kumfundisha kuogelea huku amefungwa mikono.

Kwa hiyo tunaomba vitu vichache vinavyowezekana, nanyi mna uwezo navyo. Kikundi kinapopewa kazi ya kusogeza matofali ya parokia au ya mtu binafsi, kiulize kwanza ni nani waliokuwa wakiifanya, na bei isishuke chini ya ile waliyolipwa wao. Nusu ya nafasi iwe yao, kwa malipo ya siku na si ya idadi: mzee ahesabu matofali, alinde vifaa, achuje mchanga, aelekeze upangaji, kwa maana aliyejenga miaka thelathini anajua tofali bichi kwa sauti yake tu, ninyi mbebe. Salongo igawanywe kwa kuangalia mwili wa mtu, na faini ya mjane ifutwe bila kumfanya aiombe mbele za watu. Wenye likelemba wafungue kisanduku kidogo cha siku za mgongo, ili anayeambiwa na muuguzi apumzike siku nne aweze kupumzika siku nne.

Na toroli. Mwaka huu vikundi vingi vinakusanya fedha za fulana mpya za sikukuu. Katika parokia zetu kadhaa hakuna hata toroli moja la kuazima, ilhali fedha za fulana za kikundi kimoja zingenunua toroli na zikabaki za kurekebisha gurudumu. Mjadala huo uanzeni kikao kijacho, kabla fundi hajaanza kuchukua vipimo.